Watoto wa Bagamoyo wafundishwe nishati kwa mikono na kwa mizani

Asubuhi katika soko la samaki la Bagamoyo, moshi hukupokea kabla hujawaona watu. Wakaangaji wamekwisha kuinjika makarai yao, mafuta yanatokota, na kuni zinasogezwa ndani kila mara ili moto usilegee. Ufukweni ngalawa zinarudi zikiendeshwa na upepo mtupu. Ukielekea upande wa Nunge unakuta majaruba ya chumvi, ambamo maji ya bahari yamelazwa yakaushwe na jua. Kuni, upepo na jua: mji mmoja mdogo una nishati tatu, na zote zinafanya kazi mbele ya macho ya watoto wanaokwenda shule.

Watoto hao wakifika darasani, somo la sayansi huwapa vyanzo vya nishati kwa orodha. Mwalimu anaandika ubaoni, wao wananakili: jua, upepo, maji, gesi, makaa ya mawe, kuni. Kipi kinaisha, kipi hakiishi. Mtihani ukija wanaandika walichokariri, na wengi wanapata. Lakini muulize mmoja wao ni kilo ngapi za kuni huteketea kwa siku katika jiko la shule yao, au kwa nini chumvi ya Nunge hukauka haraka zaidi siku yenye upepo, utamwona akitazama chini. Hana jibu kwa sababu hajawahi kupewa nafasi ya kupima.

Hoja ya makala haya ni moja. Nishati endelevu haieleweki kwa orodha. Mtoto huielewa pale anapotengeneza kitu, akakipima, akakikuta na kasoro, akakirekebisha na kukipima tena. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi, na inaweza kuanza shule ya msingi kwa boksi la karatasi, makumbi ya nazi na kipimajoto kimoja.

Nchi inabadilika, na wao ndio watakaoiendesha

Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Serikali pia imezitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na shule zimo ndani ya agizo hilo.

Umeme nao umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi ya taifa Februari 2024. Umeme huo husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi kituo cha Chalinze, ndani ya Wilaya ya Bagamoyo, ndipo ugawanywe kwenda kwingine. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inakata Mkoa wa Pwani kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kujadili mpango wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030.

Mambo haya yote yatahitaji watu wa kuyaendesha, kuyatunza na kuyatengeneza yakiharibika. Mtoto aliye darasa la 5 leo atakuwa kijana wa karibu miaka ishirini mkakati wa kupikia utakapofika mwisho. Ndiye atakayefunga sola kwenye zahanati ya kijiji, ndiye atakayeamua nyumbani kwake wapikie nini, na ndiye atakayekaa kwenye kikao cha halmashauri kupitisha bajeti. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa watu wa ukanda huu nishati ni jambo la kila siku. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini, uliopo Bagamoyo, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na maji hayo husukumwa kwa pampu za umeme kwenda Dar es Salaam. Umeme ukikatika mtamboni, bomba la Tegeta na Bunju huanza kukoroma. Mkaa unaopikiwa jijini nao hutoka misituni, ikiwemo ya Pwani. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo 6 hadi 10 za kuni. Mwanafunzi wa Kerege au Mapinga anayaona magunia hayo yakipita kwenye baiskeli na pikipiki. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha hesabu iliyofichwa ndani ya gunia.

Jiko la shule ndiyo maabara ya kwanza

Mahali pazuri pa kuanzia ni nyuma ya madarasa, pale mpishi anapokoroga uji. Shule nyingi bado zinapikia mafiga matatu, na kuni huletwa na wazazi au na wanafunzi wenyewe. Darasa zima linaweza kuhamia pale kwa kipindi kimoja, likiwa na mizani ya kuazima dukani, kipimajoto, saa na daftari.

Kazi yenyewe ni hii. Kuni zipimwe kabla ya moto kuwashwa. Maji yapimwe kwa ndoo ya lita 20 inayojulikana. Joto la maji liandikwe kila baada ya dakika tano mpaka yachemke. Mwisho, kuni zilizobaki zipimwe tena. Kisha watoto warudi darasani wakapige hesabu.

Lita moja ya maji huhitaji kama kilojuli 4.2 ili joto lake lipande nyuzi moja. Kutoka nyuzi 27, ambalo ni joto la kawaida la maji ya Pwani, hadi nyuzi 100, lita moja inahitaji karibu kilojuli 307. Kilo moja ya kuni kavu ina kama kilojuli 16,000. Maana yake, kama joto lote la kuni lingeingia kwenye maji, gramu 20 tu zingetosha kuchemsha lita moja. Ni kijiti kifupi kinachoenea kiganjani.

Lakini mizani haitasema gramu 20. Kwenye mafiga matatu, joto linaloingia kwenye sufuria mara nyingi ni asilimia 10 hadi 15 tu, lililobaki linakwenda na upepo, moshi na majivu. Kwa asilimia 15, lita moja itakula karibu gramu 130 za kuni. Sufuria la uji la lita 60 litakula kama kilo 8 kabla hata halijaanza kuchemka sawasawa. Jiko banifu la taasisi, lililojengwa vizuri kwa udongo au matofali likiwa na bomba la moshi, linaweza kufika asilimia 30 na kuendelea, na hapo kilo 8 zinashuka hadi 4. Zidisha kilo 4 kwa siku 194 za masomo kwa mwaka, unapata zaidi ya kilo 700 za kuni zilizookolewa na shule moja kwa sufuria moja.

Mtoto aliyepiga hesabu hiyo kwa namba alizozipata mwenyewe hatahitaji kuhubiriwa habari za misitu. Ataelewa kwa nini mikoko ya Mlingotini na Kaole inakatwa, na atajua kwamba ubunifu mdogo chini ya sufuria unaweza kuiokoa. Ataelewa pia kwa nini mpishi wa shule anakohoa. Moshi ule ni kuni ambazo hazikuungua zikaisha, yaani ni mali inayopotea na ugonjwa unaoingia, vyote kwa mkupuo.

Kutoka hapo kazi ya uhandisi inaanza. Kundi moja lijenge kinga ya upepo kwa matofali. Lingine likate kuni vipande vyembamba na kuzikausha. La tatu lifunike sufuria kwa mfuniko unaobana. Kila kundi libadilishe jambo moja tu, lipime tena, lilinganishe. Kanuni hiyo ya kubadili jambo moja kwa wakati ndiyo msingi wa sayansi yote, na inaweza kufundishwa pale jikoni bila kununua kitu.

Boksi, makumbi na kioo

Jaribio linalowavutia watoto kuliko yote ni jiko la jua. Chukua boksi kubwa na boksi dogo linaloingia ndani yake likiacha nafasi ya vidole vinne kila upande. Nafasi hiyo ijazwe makumbi makavu ya nazi, ambayo kando ya barabara ya Bagamoyo hayanunuliwi. Ndani ya boksi dogo paka rangi nyeusi au masizi. Juu weka kioo, au nailoni ngumu inayoonyesha ikiwa kioo hakipatikani. Mfuniko wa boksi ubandikwe karatasi ya foili, uwe unarudisha mwanga ndani. Sufuria liwe dogo, jembamba, lenye mfuniko, nalo jeusi.

Tuseme uwazi wa juu ni sentimita 50 kwa 50. Mchana wa jua kali, ardhi hupokea kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo boksi hilo linapokea wati 250. Lita mbili za maji zikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 90 zimechukua karibu kilojuli 529. Zikifika hapo kwa muda wa saa mbili, boksi limepokea kilojuli 1,800, na limetumia asilimia 29 tu ya jua lililoingia. Hapo mwalimu aulize: asilimia 71 imekwenda wapi?

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Mmoja atasema hewa inatoka pembeni. Mwingine ataweka kiganja chini ya boksi na kukuta pana joto, kumbe makumbi hayakutosha chini. Wa tatu atasema, "Mwalimu, wingu limepita saa saba." Mwalimu mzuri hasahihishi haraka. Atauliza, "Tutajuaje?" Na watoto watarudi kwenye boksi, wataziba pembe kwa gundi ya ugali, wataongeza makumbi, wataweka kioo cha pili juu ya cha kwanza, kisha watapima tena kesho yake.

Jambo hili linahitaji kusisitizwa, kwa sababu maonyesho mengi ya sayansi huishia mahali pabaya. Kifaa kinawashwa, wageni wanapiga makofi, picha inapigwa, kifaa kinarudishwa stoo. Mtoto anaondoka na furaha, na furaha ni njema, lakini hajajifunza kilichokifanya kifaa kifanye kazi, wala namna ya kukiboresha. Kazi ya mikono isiyopimwa ni mchezo. Kipimo kisichofuatwa na marekebisho ni kumbukumbu tu. Mtoto apewe vyote: kazi ya mikono, kipimo na marekebisho.

Upepo wa kaskazi, mota ya redio

Pwani hii imejengwa na upepo. Majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi, na magofu ya Kaole na Kunduchi ni ushahidi wa miji iliyotajirika kwa misimu hiyo miwili. Mtoto wa mvuvi anajua kutweka tanga kabla hajajua kuandika. Ana ujuzi ambao mwenzake wa bara hana, na shule haina budi kuutumia.

Kwa fundi redio yeyote wa mtaani kuna mota ndogo zilizotolewa kwenye redio kaseti na deki mbovu. Mota hiyo ukiizungusha inazalisha umeme. Chupa ya plastiki ikikatwa vizuri inatoa mapanga matatu au manne. Mti mrefu, waya mbili na taa ndogo ya ledi, kinu cha upepo kimekamilika.

Hapo siri zinaanza kufunguka. Ledi nyekundu huhitaji kama volti 2, nyeupe karibu volti 3, kwa hiyo kinu kilekile kwa upepo uleule kitawasha nyekundu na kushindwa nyeupe. Taa isipowaka kabisa, geuza waya: ledi hupitisha umeme upande mmoja tu. Ukiyakunja mapanga kinyume, kinu kitazunguka kinyume na taa itazimika tena, kwa sababu hiyohiyo. Mapanga yakirefushwa mara mbili, eneo yanalolifagia huwa mara nne. Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inayopatikana ndani yake huwa mara nane. Mtoto aliyeona taa ikififia na kung'aa kwa kila mvumo wa kusi hatashangaa kwa nini vinu vikubwa vya upepo hujengwa juu ya minara mirefu.

Pwani ina somo jingine ambalo vitabu vingi huliruka, nalo ni kutu. Acha kinu hicho nje kwa wiki chache karibu na bahari, uone misumari na viungio vyake. Hewa ya chumvi hula chuma. Paneli ya sola iliyofungwa kwa boliti za bei rahisi ufukweni huweza kuanguka ingali nzima. Watoto wafunge boliti za aina tatu, moja tupu, moja iliyopakwa grisi, moja ya chuma kisichoshika kutu, waziache juani kwa muhula mzima na kuandika kinachotokea. Mhandisi wa Pwani asiyeijua kutu hajaiva.

Na kuhusu paneli, kuna jaribio lisilohitaji hata shilingi. Simamisha kijiti wima uwanjani, uweke alama kwenye ncha ya kivuli chake kila siku mchana. Bagamoyo iko kama nyuzi 6 na nusu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 9 au 10 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya utosi, na kati ya saa sita na saa saba mchana kivuli cha kijiti humezwa miguuni pake. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, miezi iliyobaki huwa kusini. Darasa lililofuata kivuli hicho kwa mwaka mmoja litajua lenyewe kwa nini fundi anaiinamisha paneli kidogo tu ikielekea kaskazini, na kwa nini haifai kuilaza kabisa: vumbi na kinyesi cha ndege vinahitaji mteremko ili mvua ivisafishe.

Historia iko upande wetu

Bagamoyo si mgeni wa elimu ya mikono. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni yao hapa, na watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kusoma pamoja na kilimo na ufundi. Karibu miaka 100 baadaye, Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iunganishwe na maisha na kazi za jamii iliyo karibu nayo. Shule zikapata mashamba na karakana. Mahali pengi, hata hivyo, jembe lilishikwa bila kuulizwa maswali, na kazi ikageuka kuwa adhabu. Ukimtia mtoto shambani bila kipimo wala swali, utapata mahindi tu.

Nguvu ya swali tunaijua kupitia kwa Mtanzania mmoja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanga. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombewa, akayaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipouliza, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefika kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka, lakini Osborne alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja, na mpaka leo wanafizikia duniani wanalijadili tukio hilo kwa jina la Mpemba. Chanzo chake chote kilikuwa sufuria, friza na kijana aliyekataa kuyakana aliyoyaona kwa macho yake.

Majirani nao wana ya kutufundisha. Mwaka 1984, Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi huko Meru, Kenya, iliamua kufunga sola badala ya jenereta. Mwalimu wa kujitolea Mark Hankins alishirikiana na mhandisi Harold Burris, na mafundi wa huko walifundishwa kazi ileile ya kufunga taa za madarasa. Mafunzo ya namna hiyo yalienea katika shule nyingine, na Kenya ikaja kuwa miongoni mwa masoko makubwa ya sola za majumbani barani Afrika. Malawi, mwaka 2002, William Kamkwamba mwenye umri wa miaka 14, akiwa nje ya shule kwa kukosa ada, alijenga kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli, feni ya trekta na bomba za plastiki, kwa kusoma vitabu vya maktaba ya kijijini.

Kwetu, fundi wa baiskeli wa Arusha, Bernard Kiwia, alibuni chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli, kisha akageukia kuwafundisha wengine kubuni kupitia kituo cha Twende. Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kinawafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wenye elimu ndogo ya darasani, kufunga na kutengeneza vifaa vya sola. Shirika la TaTEDO limekuwa likifanyia kazi majiko banifu na nishati endelevu tangu 1990. Na tangu 2011 mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa na Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, unawaita wanafunzi wa sekondari kufanya utafiti wao wenyewe na kuuleta mbele ya majaji. Ujuzi upo, na watu wapo.

Vikwazo vinavyosemeka

Walimu watasema darasa lina watoto 80 au 100, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini kazi ya vikundi ni dawa mojawapo ya darasa kubwa: watoto 80 ni vikundi 10 vya watu 8, kila kikundi na boksi lake, na namba zote zinaandikwa ubaoni zilinganishwe. Tofauti za majibu yao zinazaa mjadala mzuri kuliko jibu moja la kitabu.

Kikwazo kizito zaidi ni mtihani. Mwalimu anapimwa kwa ufaulu, na mtihani wa kuchagua jibu hauulizi ulirekebishaje jiko lako. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefungua mlango kwa kuweka mkondo wa amali, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, amali inayosubiri sekondari imechelewa, na karakana isiyo na alama kwenye mtihani itakuwa ya kwanza kufungwa siku za mitihani zikikaribia. Kazi za vikundi zihesabiwe alama, kwa daftari la vipimo na maelezo ya mdomo, tangu shule ya msingi.

Vifaa vya msaada navyo vina hatari yake. Seti nzuri ya sola inayotoka ng'ambo ikifika, mara nyingi hufungiwa kabatini isiharibiwe. Boksi na mota ya redio haziogopwi. Zikiharibika, mtaa wote una nyingine.

Usalama usipuuzwe. Umeme wa ukutani, volti 230, mtoto asiuguse kabisa. Majaribio yote yabaki chini ya volti 12. Mwanga unaorudishwa na foili unaumiza macho, na betri za gari zina tindikali. Wanafunzi wajifunze hayo mapema, maana fundi asiyejali usalama huzikwa na ujuzi wake.

Na wasichana. Katika nyumba nyingi za Pwani wao ndio wanaotafuta kuni, wanaopuliza moto, wanaojua sufuria lipi linakawia. Darasani, koleo na waya vikitolewa, mara nyingi hunyakuliwa na wavulana, na msichana huachiwa kuandika. Mwalimu apange zamu, kila mtoto ashike kila kifaa. Wanawake wa Kinyasini wamekwisha kuonyesha kwamba aliyeteswa na kibatari anaweza kuwa fundi wa taa.

Tuanze na tulichonacho

Kwa wakuu wa shule kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Kiromo, Kaole na Chalinze: chagueni kipindi kimoja kwa wiki, jiko la shule liwe maabara, na mizani iazimwe. Kwa maofisa elimu wa halmashauri: andaeni siku moja kwa mwaka ambapo shule zitashindana kwa vipimo, na jiko lililookoa kuni nyingi zaidi lijengwe kwa fedha za halmashauri katika shule iliyolibuni. Wanafunzi wakiona wazo lao limegeuka kuwa tofali, hawatalisahau somo hilo.

Kwa vyuo vya jirani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na vyuo vya VETA: wanafunzi wenu wa uhandisi wako mwendo wa saa chache kutoka shule hizi. Watumeni waje wakae na watoto, walete multimita na vipimajoto, na waondoke na maswali. Kwa mafundi redio, mafundi baiskeli na mafundi seremala wa mitaani: ninyi ni walimu ambao hamjaitwa bado. Vipuri vyenu vibovu vina kazi.

Kwa wazazi: mtoto akija nyumbani kuomba boksi, makumbi na sufuria kuukuu, mpeni. Akiharibu mara ya kwanza, mpeni tena. Mkakati wa taifa una mwisho wake mwaka 2034, na watakaoufikisha huko wako darasani leo. Serikali inaweza kugawa mitungi ya gesi na kujenga mabwawa. Watu wanaojua kupima, kutengeneza na kurekebisha wanaandaliwa shuleni, na kazi hiyo inaweza kuanza Jumatatu hii.